Siku Tatu Nyuma ya Lori

Jumamosi ile mchana Delphine alikuwa anapiga pasi kola za mume wake. Pasi ilikuwa ya makaa, na kila mara ilimbidi atoke nayo mlangoni aipungie hewa, majivu yasije yakaangukia shati jeupe. Symphorien, mume wake, alikuwa karani katika ofisi moja ya Wazungu mjini Élisabethville, na ofisi ile haikupenda kola zenye makunyanzi. Nyumba yao ilikuwa Katuba, mtaa mpya wa Weusi, ambako mwaka ule wa 1953 matofali yalikuwa bado yanachomwa ubavuni mwa nyumba zilizokwisha kukaliwa.

Mtu aliyeleta habari alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Pweto. Hakuingia ndani. Alitua furushi lake uani, akajifuta jasho, akasema:

"Mama Émile, mama yako iko mugonjwa. Anasema ufike mbele ya siku ya ine. Kisha ile hatakuwa tena na nguvu ya kukungojea."

Delphine aliuliza kama mama yake anakula. Mchuuzi akasema anakunywa uji kidogo. Akauliza kama anazungumza. Mchuuzi akasema anazungumza vizuri, tena sana. Delphine akamshukuru, akampa maji, akarudi kumaliza kola iliyobaki. Kwa hesabu yao siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa hiyo siku ya nne ni Alhamisi.

Lori lililochukua watu hadi Pweto lilikuwa moja tu. Liliondoka kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, na mwendo wake ulijulikana na kila mtu. Aliyekaa kabini, pamoja na dereva, mfuko wa posta na mizigo ya kampuni, alifika Pweto Jumanne jioni. Waliokaa nyuma walifika Ijumaa. Lilikuwa lori lilelile, injini moja, magurudumu sita. Wako waliosema ni kwa sababu ya vizuizi vya barabarani, na wako waliosema ni uzito wa watu. Wengi walikata tiketi tu, wakapika chakula cha siku tano.

Kiti cha kabini kilikuwa cha Wazungu. Siku ambayo hapakuwa na Mzungu msafiri, aliweza kukikalia Mweusi mwenye kadi, ile kadi ambayo serikali iliwapa watu wachache iliowaona wamestaarabika. Symphorien aliipata mwezi wa tano. Kabla ya kumpa, mabwana watatu walikuja Katuba kukagua nyumba. Walihesabu uma, wakafunua kifuniko cha choo, wakamuuliza Delphine kama yeye na mume wake wanakula meza moja. Delphine alijibu ndiyo. Kadi ilipokuja ilikuwa na jina la Symphorien peke yake.

Jioni ile ya Jumamosi walikwenda wote wawili kwenye dirisha la tiketi. Symphorien aliomba, kwa Kifaransa chake kizuri, mke wake akae kabini na yeye akae nyuma. Mkata tiketi aligeuza kadi huku na huku.

"Kadi hii haina mke," alisema.

"Basi nimwazime."

"Kadi haiazimwi, Monsieur."

Wakatoka. Walipofika penye pampu ya maji Delphine akasimama.

"Baba Émile, utaenda weye."

"Kwenda kufanya nini? Ule ni mama mukwe yangu."

Hapo ndipo penye uzito. Miaka kumi na mmoja walikuwa wameoana, na Symphorien hakuwahi kumtazama mama wa mke wake usoni. Kwao Kongolo, mkwe wa kiume akimwona mama mkwe anakuja, huacha njia akaingia majanini. Hawali pamoja, hawatajani majina, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtoto. Kukaa kando ya kitanda cha mama mkwe lilikuwa jambo ambalo Symphorien hakujua hata mtu angelianzaje.

"Miye nitafika siku ya tano," Delphine alisema. "Nitakuta udongo. Weye utamukuta muntu."

"Nitamuambia nini?"

"Hapana kumuambia. Umusikilize."

Jumapili baada ya misa Symphorien alikwenda nyumbani kwa bwana wake wa kazi, akasimama chini ya baraza, akaomba ruhusa. Akapewa siku sita. Jumatatu ya wiki iliyofuata, asubuhi, awe kwenye kiti chake. Watoto wawili, Émile na Annie, wakaachwa kwa jirani yao Brigitte, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi.

Jumatatu lori liliondoka saa ileile ya siku zote. Dereva alikuwa Stanislas, mtu mkimya aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto. Symphorien alikaa karibu naye, mfuko wa posta mapajani. Delphine alipanda nyuma, chini ya turubai, akapata nafasi juu ya gunia la chumvi, kati ya katekista mmoja mrefu aliyeitwa Anaclet na mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kasai aliyeitwa Mama Kapinga. Watu walikuwa kama thelathini, na mbuzi wawili.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa mwisho wa mji. Polisi alikitazama kiti cha mbele, akapiga saluti kwa mfuko wa posta, akainua mti. Kabini ikapita. Walio nyuma wakashushwa, wakapangwa mstari, karatasi zao za ruhusa zikasomwa moja moja, kisha wakapuliziwa unga mweupe wa kuua wadudu, vichwani na ndani ya nguo. Yule aliyekuwa na muhuri uliofifia alirudishwa mjini kwa miguu. Kazi hiyo iliisha saa sita mchana.

Walipopanda tena, Delphine alichungulia kwenye kidirisha kilichotazama kabini. Kiti cha Stanislas kilikuwa kitupu. Kiti cha Symphorien kilikuwa kitupu vilevile. Lori liliwaka, usukani ukazunguka kidogo kushoto kukwepa shimo, na gia ikaingia.

"Balikwenda," alisema Mama Kapinga, akijikung'uta ule unga. "Saa hii beko mbali sana. Hapana kupiga ile kidirisha, mama. Hakuna muntu wa kukusikia."

Lori bila mtu mbele lilikwenda taratibu, lakini lilikwenda. Lilipunguza mwendo kwenye makorongo, likapiga honi kwenye kona. Halikusimama kwa ajili ya haja ya mtu yeyote, ila kwenye vilima lilipanda polepole kiasi kwamba watu waliruka, wakaingia porini, wakalifuata na kulipanda tena bila kukimbia. Jua likizama lilisimama lenyewe, kwa sababu taa zilikuwa zimekwenda na kabini. Wanawake wakawasha moto kando ya njia. Watu walilala, wakaamka, wakaendelea.

Jumanne walishushwa kwenye vizuizi viwili. Katika cha pili, karatasi ya Mama Kapinga ilionekana ina kosa: jina la kijiji cha baba yake lilikuwa na herufi moja pungufu. Akaongezewa herufi ile kwa kalamu na polisi, na hilo likachukua alasiri nzima. Jioni, saa ambayo kabini ilikuwa inaingia Pweto, wao walikuwa bado hawajafika Kasomeno. Delphine aligawa mihogo yake ya kuchemsha, akamweleza Mama Kapinga habari ya mama yake.

"Na bwana yako iko kule?"

"Iko kule."

"Basi iko muntu," alisema Mama Kapinga. "Bengine hawana hata ule."

Hakumwambia yote. Hakumwambia kwamba miaka kumi na mmoja nyuma, alipoondoka Pweto kwenda kuolewa mjini, mama yake hakutoka ndani kumuaga. Mama alimtaka aolewe na mtu wa palepale ziwani. Delphine alipanda lori lile huku mlango wa mama yake umefungwa, na tangu siku ile ruhusa ya kwenda ilipatikana mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua. Barua walipelekeana. Barua zilikaa kabini, zilifika kwa siku mbili. Lakini mama hakujua kusoma, na aliyemsomea alikuwa akifupisha.

Jumatano, saa tatu hivi asubuhi, wakiwa wameacha Kilwa nyuma, mbao za ubavu wa lori ziligongwa kwa nje. Ziligongwa mara tatu, pale pale ambapo Delphine alikuwa ameegemeza mgongo. Alihisi mgongo wake unapokea kila pigo.

"Ni jiwe," alisema Anaclet katekista.

Zikagongwa tena, mara tatu. Barabara ilikuwa mchanga mtupu, hapakuwa na jiwe. Nje hapakuwa na mtu ila nyasi zilizokuwa zikipita. Delphine aligeuka, akapiga magoti juu ya gunia, akagonga naye. Aligonga kwa haraka, kwa kiganja, mara nyingi bila kuhesabu. Watu wakasogea kumpa nafasi. Kisha akaweka sikio kwenye mbao, akakaa hivyo mpaka shavu lake likachorwa mistari ya mbao. Hazikugongwa tena. Anaclet akatoa rozari yake, na wote wakasali fungu moja, kwa kuwa walikuwa na wakati.

Ijumaa ikafika. Lori lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa kampuni huko Pweto tangu Jumanne, mizigo yake imekwisha kushushwa, kuku wa jirani wametaga chini yake. Saa tisa mchana turubai likafunuliwa kwa ndani, na watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, weupe kwa vumbi. Waliokuja kuwapokea walikuwa wamekaa kivulini tangu saa saba. Symphorien alisimama peke yake mbele ya gurudumu, bila tai. Delphine aliitazama shingo ile isiyo na tai, akajua.

"Siku gani?" aliuliza.

"Siku ya tatu, mangaribi. Tulimuzika jana."

Hakulia hapo. Alisema, "Niambie."

Symphorien akatoa daftari mfukoni. Alikuwa ameandika kila kitu, kama mtu wa ofisi anavyoandika. Akaanza kusoma, na Delphine akamkatiza.

"Ile ni Kifaransa."

"Ndiyo ile najua kuandika."

"Mama yangu alisema mu Kifaransa?"

Mama yake alikuwa amesema kwa Kibemba, lugha ambayo Symphorien alielewa nusu. Aliielewa kwa nusu, akaiandika kwa Kifaransa, na sasa alilazimika kuirudisha kwa Kiswahili. Maneno ya marehemu yalikuwa yamebadilishiwa magari mara mbili njiani. Symphorien alilifunga daftari, akafumba macho, akasimulia kama alivyoweza.

Jumanne jioni alikaa kizingitini, mgongo wake umeelekea ndani. Mgonjwa aligeukia ukuta. Wakazungumza hivyo, mgongo kwa mgongo, na hapakuwa na mtoto wa kupitishia maneno. Mama akauliza: Delphine iko wapi? Yeye akajibu: iko nyuma. Mama akasema: aa, nyuma ya kamio, basi ni siku ya tano. Halafu akasema mambo ya nyumba: chungu kikubwa apewe dada wa kanisani, wavu uliobaki usiuzwe. Kisha akasema kwamba siku ile Delphine anaondoka, alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa ameshika komeo. Alingoja mtoto agonge, angefungua. Mtoto hakugonga.

Delphine alikuwa anatazama chini, kwenye mayai ya kuku.

"Miye nilingoja afungue," alisema.

"Asubui," Symphorien akaendelea, "alisema nimupeleke ku kamio. Nikasema kamio iko tupu. Akasema anajua. Banaume ba pale balikuwa ku ziwa. Nikamubeba miye."

"Weye?"

"Ku mugongo."

Watu wa Pweto walipomwona mkwe amembeba mama mkwe wake mgongoni, waligeuza nyuso, kwa heshima ya wote wawili. Alimkalisha juu ya kreti, karibu na ubavu wa lori. Mama akagonga mbao mara tatu. Akapumzika, akagonga tena.

"Na kisha?"

"Kisha akasikiliza. Akacheka kiloko, kidogo tu. Akasema: ndiyo yeye, sikia namna anagonga, sawa na muntu ya haraka. Nikamurudisha ku nyumba. Hakusema tena kitu ya maana."

Wakaenda kaburini. Delphine alilia hapo, kwa sauti, na kati ya kilio alimchukia mume wake kwa muda mfupi, kwa sababu mgongo wa koti lake ulikuwa bado una harufu ya mama yake: moshi, na samaki, na dawa ya majani. Alimwomba avue koti. Symphorien akavua. Alilishika mpaka jua lilipotua.

Kabla ya kwenda kulala walipita kwenye ofisi ya kampuni, kwa sababu Delphine alikuwa na swali. Mzungu wa zamu alimsikiliza Symphorien akitafsiri, kisha akafungua kitabu cha safari, akawaonyesha kwa kidole. Lori lilifika Jumanne, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Halikuchelewa hata dakika. Kama Madame alishuka Ijumaa, hilo kampuni haikuwa na taarifa nalo. Alisema bila ubaya. Akawapa pole ya msiba, akafunga kitabu.

Lori lilirudi Jumamosi. Symphorien alisema atakaa nyuma pamoja naye. Delphine alikataa.

"Ukikaa nyuma utafika siku ya tatu. Bwana ya kazi alisema siku ya kwanza."

"Aseme."

"Na batoto? Nani atabaambia? Enda. Fungua kilio ku nyumba. Mama asikae bure, bila kuliliwa."

Symphorien alisimama kwa muda mrefu, mguu mmoja kwenye kikanyagio cha kabini. Stanislas dereva alitazama mbele, mikono juu ya usukani, akangoja bila kupiga honi. Mwishowe mlango wa kabini ukafungwa.

Kwenye kizuizi cha kwanza wakatengana. Mara hii watu wa nyuma walikuwa wengine, wanawake wa samaki wengi wao, lakini Mama Kapinga alikuwapo, vitenge vimekwisha, amenunua magunia. Alipomwona Delphine akasogeza magunia mawili, akafanya kama chumba kidogo.

"Sisi tuko na siku tatu zaidi yao," alisema. "Zinatosha matanga."

Basi wakafanya matanga. Delphine alikaa sakafuni mwa lori, miguu ameinyoosha, na wanawake wakamzunguka. Waliimba nyimbo za Pweto na nyimbo za Kasai. Kwenye vizuizi walishuka wakilia, wakapuliziwa unga wakilia, na polisi wakasoma karatasi zao harakaharaka. Usukani ulizunguka wenyewe mbele. Wengi wao hawakumjua marehemu, kwa hiyo Delphine aliwasimulia: alivyokuwa akichagua samaki kwa kunusa, alivyokuwa akikasirika bila kusema. Jumanne jioni, moto ukiwa umewashwa kando ya njia, Mama Kapinga alimnyoa nywele kwa wembe na maji ya moto, polepole, bila kumkata. Nywele walizizika porini, mahali ambapo hakuna aliyejua jina lake.

Jumatano alasiri turubai lilifunuliwa kwenye kituo cha Élisabethville. Palikuwa na watu dirishani tayari, wanakata tiketi za nyuma kwa Jumatatu ijayo. Symphorien alikuwa amesimama na baiskeli ya mume wa Brigitte. Aliivua kofia yake. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na wembe ulimkwaruza juu ya sikio.

Walitazamana vichwa.

"Muliisha matanga?" Delphine aliuliza.

"Tuliisha leo asubui. Mikeka balirudisha kwa benyewe. Brigitte hana tena sauti, alilia siku tatu. Batoto balilia. Balikuuliza. Nikasema uko nyuma."

"Na sisi tuliisha jana."

Symphorien alipokea kifurushi chake, akakifunga kwenye mpini wa mbele. Kisha akakifuta vumbi kile kiti kidogo cha chuma cha nyuma, kwa leso, akaishika baiskeli imara ili mke wake apande. Delphine alikitazama kile kiti cha nyuma.

"Hapana," alisema. "Twende na miguu."

Kutoka kituoni hadi Katuba ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Symphorien alisukuma baiskeli, Delphine akatembea upande wake wa kulia. Wote wawili walitumia saa moja na nusu.